Chini ya Vumbi Kuna Mizizi

Karibu tuketi pamoja kwa muda, wewe mama uliye jikoni, wewe uliye shambani na redio yako imening'inia mtini, na wewe dereva uliye njiani kati ya Morogoro na Dodoma.

Leo nataka tuzungumze kuhusu nchi kavu. Wanaonisikiliza kutoka Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa hawahitaji kuelezwa mwezi wa Oktoba ulivyo Ugogo. Nyasi zimeisha. Makorongo hayana maji juu, na akina mama wanachimba mchanga wa korongo kwa bakuli, wanangoja maji yajikusanye polepole ndani ya shimo, wanachota, wanangoja tena. Mibuyu imesimama bila jani. Ng'ombe mbavu zao zinahesabika. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, kiasi cha milimita 550 hivi kwa mwaka, na ikikatika wiki tatu katikati ya Februari, mtama na uwele huenda vikaokoka lakini mahindi hayapo tena. Ndugu zetu wa Marsabit, Samburu na Turkana, kule Kenya, wana habari nzito zaidi. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Wapo wafugaji walioanza ukame ule na zizi lililojaa, wakaumaliza bila hata mbuzi mmoja wa kumkamulia mtoto.

Sasa swali langu ni hili. Mkristo aliyesimama katikati ya nchi ya namna hiyo, ana deni la mbegu, ana ada ya shule, ana mgonjwa ndani, anaposema ana tumaini, anasema nini hasa? Nauliza kwa uzito. Kuna tumaini la kutamkwa tu, ambalo mtu akishalitamka anarudi nyumbani vilevile alivyotoka. Na kuna tumaini linalomwinamisha mtu aitazame ardhi upya. Hilo la pili ndilo ninalotaka tulizungumze, na nitaanza mbali kidogo, Afrika Magharibi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kijana wa Australia aitwaye Tony Rinaudo alifika Maradi, kusini mwa Niger, pamoja na mkewe Liz. Alikuwa mmisionari wa shirika la SIM, na kwa taaluma alikuwa mtu wa kilimo. Niger ni nchi iliyo ukingoni mwa Sahara. Miaka ya 1970 ilikuwa imepigwa na ukame mkali, na miti ya mashambani ilikuwa imekatwa karibu yote: kwa kuni, kwa kujenga, na kwa sababu wataalamu wa wakati ule walikuwa wamewafundisha wakulima kwamba shamba safi ni shamba lisilo na mti. Upepo ulipovuma hapakuwa na kitu cha kuuzuia. Mchanga ulifunika miche, mkulima akapanda tena, ukafunika tena.

Rinaudo alipewa kazi ya kupanda miti. Akaotesha miche, akaisambaza vijijini, na miche ikafa. Mingine ilikauka, mingine ililiwa na mbuzi, mingine ilikosa mtu wa kuimwagilia, maana katika kijiji ambacho mama anatembea saa nzima kutafuta ndoo moja ya maji, nani atayamwaga kwenye mche? Wanakijiji walimwona kama mzungu aliyepungukiwa akili. Naye mwenyewe alikuwa karibu kukata tamaa arudi kwao.

Siku moja mwaka 1983 alikuwa akiendesha gari akivuta tela lililojaa miche kwenda vijijini. Akafika penye mchanga mwingi, akasimama kupunguza upepo kwenye matairi ili gari lisizame. Alipokuwa amesimama pale akatazama kila upande, na kila upande ulikuwa mtupu. Akajiuliza ingechukua miaka mingapi, fedha kiasi gani na watu wangapi kuifunika nchi ile kwa miti, na akaona haiwezekani. Basi akaomba. Ameisimulia sala hiyo mara nyingi mbele ya watu: alimwomba Mungu msamaha kwa jinsi wanadamu walivyoiharibu kazi ya mikono yake, na akamwomba amfumbue macho.

Halafu akaona kichaka. Kilikuwa kichaka kidogo tu, cha aina aliyokuwa akipita kandokando yake kila siku akidhani ni magugu. Akakisogelea, akatazama jani lake, akalitambua. Lilikuwa jani la mti. Kile hakikuwa kichaka kamwe. Kilikuwa kisiki cha mti mkubwa uliokatwa zamani, kikijaribu kuchipua tena, kila mwaka kikichipua na kila mwaka kikikatwa. Akainua macho, na ule uwanda aliokuwa ameuona mtupu dakika chache kabla ulikuwa umejaa vichaka vya namna ile hadi upeo wa macho. Msitu ulikuwepo, chini ya ardhi, ukiwa hai.

Msikilizaji unayeijua Biblia umeshamkumbuka Hajiri. Mwanzo sura ya 21. Mama aliyefukuzwa, yuko nyikani mwa Beer-sheba, maji ya kiriba yamekwisha, mtoto amemlaza chini ya kijiti, naye amekwenda kuketi mbali ili asimwone akifa. Mungu akasikia sauti ya kijana, akayafumbua macho ya Hajiri, naye akaona kisima. Maandiko hayasemi kwamba kisima kiliumbwa dakika ile. Kilikuwepo. Machozi na hofu vilikuwa vimemzuia kukiona, na sithubutu kumlaumu, maana mama ambaye mtoto wake anakufa kwa kiu haoni kitu kingine. Lakini angalia jinsi Mungu alivyomsaidia: alimpa macho kwanza, kisha akamwacha asimame, ajaze kiriba, amnyweshe mtoto kwa mkono wake mwenyewe.

Tuendelee na Maradi, kwa sababu kazi haikuishia kwenye sala. Rinaudo aliwashawishi wakulima wachache wasivikate visiki vile wanaposafisha shamba, wachague machipukizi machache wayaache yakue. Walichekwa. Kuni zilikuwa adimu, na mti ulioachwa shambani uliibwa usiku. Zaidi ya hayo, sheria iliyorithiwa tangu enzi za Wafaransa ilihesabu miti kuwa mali ya serikali. Mkulima akikata tawi la mti uliomea shambani mwake angeweza kutozwa faini, basi ya nini aulinde? Ikabidi wazungumze na maofisa wa misitu wa pale ili mkulima aachwe avune alichokitunza. Mwaka 1984 njaa kubwa ikapiga, na chakula cha msaada kikagawiwa kwa masharti: kila familia inayopokea iache miti kama 40 kwa hekta shambani mwake. Mvua ziliporudi, wengi waliikata. Waliobaki nayo wakaona wenyewe. Upepo ulipungua, mazao yakasimama, kuni zikapatikana jirani na nyumba, mbuzi wakapata majani wakati wa kiangazi. Jirani akamwiga jirani. Baada ya miaka 20 hivi, wataalamu waliolinganisha picha za satelaiti, kati yao Gray Tappan wa Marekani na Chris Reij wa Uholanzi, walikuta miti imerudi kwenye hekta zipatazo milioni 5 za mashamba ya Niger. Hakuna shirika lililoipanda. Ilirudishwa na wakulima, wengi wao Wahausa, na wengi wao Waislamu.

Nalitaja hilo kwa makusudi. Sala ilikuwa ya Mkristo, mikono ilikuwa ya Waislamu, na kuni zilipikia nyumba zote. Mwaka 2018 Rinaudo alipopewa Tuzo ya Right Livelihood, alikuwa pamoja na mzee Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso, Mwislamu, aliyefufua ardhi iliyokuwa ngumu kwa kuchimba mashimo madogo, kuyajaza samadi, na kungoja mvua. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba tumaini la Kikristo linataka tujitenge na majirani zetu. Katika nchi kavu hakuna anayeokoka peke yake.

Elimu hii ya kufufua visiki imefika kwetu. Hapa Dodoma inaitwa kisiki hai, na huenda umewaona wataalamu wake kijijini kwako; shirika la LEAD Foundation pamoja na Justdiggit la Uholanzi wameifundisha vijiji vingi vya mkoa huu. Siri yake ni mizizi. Mti ukikatwa, kinachoondoka ni sehemu ya juu. Mizizi inabaki, imeshashuka hadi kwenye unyevu ambao mche wa kitalu utauhangaikia miaka, na ndani yake kuna chakula kilichohifadhiwa, kama ghala la mtama lililofukiwa. Ndiyo maana chipukizi la kisiki linaweza kumzidi mtu kimo wakati mche wa umri uleule bado unamwagiliwa kwa kopo. Mkulima anachagua kisiki, anachagua machipukizi matatu au zaidi kidogo yaliyonyooka, anayaondoa mengine, anapogolea matawi ya chini, anafunga kitambaa ili kila apitaye ajue kwamba mti huu una mwenyewe, kisha anaulinda. Panga kali na kitambaa kilichochakaa vinatosha.

Hapa siwezi kujizuia kuitaja Kongwa. Wazee wetu wanakumbuka, au walisimuliwa na baba zao, habari za Mpango wa Karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta na mitambo, mingi ikiwa mabaki ya vita, ili kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu za Tanganyika na kulima karanga kwa ajili ya mafuta ya kula ya Waingereza. Walianzia Kongwa, katika nyika hiihii ya Ugogo. Mvua ilikataa. Udongo ulipokauka ukawa mgumu hata jembe la chuma likashindwa kuyang'oa mazao. Na mizizi ya nyika iliyavunja majembe yao. Januari 1951 mpango ukafutwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea. Mizizi ileile iliyoyashinda matrekta ya Mwingereza ndiyo ambayo leo bibi wa Kongwa anaifanyia kazi kwa panga, nayo inampa kuni. Nikifikiri jambo hili nashindwa kunyamaza. Yule aliyekuja na fedha za himaya nzima aliiona mizizi kuwa adui, na hakuwauliza Wagogo neno.

Basi hadi hapa mtu anaweza kusema, ndugu, haya ni mazungumzo ya bwana misitu. Tufungue basi Ayubu sura ya 14.

Kwenye warsha za miti, na hata kwenye mahubiri, watu hupenda kuisoma mistari ya saba hadi tisa ya sura ile, ambapo Ayubu anasema juu ya mti uliokatwa kwamba yapo matumaini kwake, kwamba hata mizizi yake ikizeeka ardhini na shina lake likifa mavumbini, ukipata harufu ya maji utachipuka. Ni maneno mazuri, nayo ni kweli kabisa kwa habari ya mti. Lakini tunaishia pale, tunafunga Biblia, tunasema Amina. Ayubu hakuishia pale. Alikuwa analalamika! Mstari wa kumi anageuka na kusema kwamba mwanadamu hana bahati ya mti. Mtu akifa amelala. Anamfananisha na mto uliokauka, na mtu wa Ugogo anaujua mto huo. Ayubu amezika watoto kumi. Anaitazama miti inayochipuka na uchungu wake unaongezeka, kwa sababu watoto wake hawachipuki.

Tukiliruka lalamiko la Ayubu, hatuna haki ya kumzungumzia mtu tumaini. Nenda nyumba iliyozika mtoto kwa utapiamlo, uwaambie wazazi wake kwamba visiki vinachipua. Watakutazama tu. Ugogo tunayo kumbukumbu ya namna hiyo, kubwa na nzito. Kati ya 1917 na 1920 ilipita njaa iitwayo Mtunya. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, yalichukua ng'ombe, yalichukua vijana wakabebe mizigo ya vita. Halafu mvua ikakosekana. Mwanahistoria Gregory Maddox aliyeichunguza njaa hiyo anakadiria kwamba walikufa watu 30,000 kati ya Wagogo 150,000 hivi. Mtu mmoja katika kila watano. Kanisa nalo lilikuwa limepigwa: wamisionari Waingereza wa shirika la CMS walikuwa wametiwa kizuizini na Wajerumani, na walimu wao Waafrika walikamatwa, wakapelekwa Tabora, wakateswa kwa kushukiwa upelelezi. Makanisa madogo ya tembe yalibaki bila mwalimu, katika nchi isiyo na chakula.

Mwaka huohuo wa 1917, Mtunya ilipoanza, alizaliwa Ugogo mtoto aliyekuja kuwa mshairi Mathias Mnyampala. Wapenzi wa ushairi wanamjua kwa ngonjera zake. Wachache wanakumbuka kwamba Mnyampala, Mkatoliki, alizitunga Zaburi upya kwa mizani ya Kiswahili, katika Utenzi wa Zaburi uliotoka mwaka 1965, miaka miwili baada ya Utenzi wa Enjili Takatifu. Ninapofikiri kwamba mtu aliyezaliwa katika mwaka ule, katika nchi ile, ndiye aliyekaa na Zaburi miezi na miezi akizipangia vina, hazinipiti hivihivi zile Zaburi za mtu mwenye kiu katika nchi isiyo na maji, wala zile za mtu anayemwuliza Mungu hadi lini. Zaburi zimejaa maswali hayo. Mungu ameyaweka maswali yetu makali ndani ya kitabu chake mwenyewe ili tusione haya kuyauliza kanisani.

Ayubu naye aliuliza. Katika sura ileile, baada ya kusema kwamba mtu hana tumaini la mti, anafanya jambo la ajabu: anamwomba Mungu amfiche kuzimu mpaka hasira ipite, amwekee muda, kisha amkumbuke. Halafu anatamka swali kwamba mtu akifa, je, ataishi tena? Swali likabaki pale, bila jibu, vizazi kwa vizazi.

Isaya alisogea karibu. Aliishi wakati jeshi la Ashuru lilipokuwa likimeza falme moja baada ya nyingine, likikata watu kama watu wanavyokata miti. Nyumba ya Daudi ilikuwa inaelekea kuwa gogo tu. Na Isaya, sura ya 11, anaona chipukizi likitoka katika shina la Yese. Haoni mti mwingine ukiletwa kutoka nchi nyingine. Anaona kisiki kilekile cha wazee walewale walioshindwa, na uhai umebaki ndani yake kwa sababu Mungu hajaiacha ahadi yake. Kisha sura ya 53 anamweleza Mtumishi wa Bwana, na anachokisema ni kwamba alikua kama mzizi katika nchi kavu, hana uzuri wa kumfanya mtu amtamani. Alidharauliwa kama kile kichaka cha Maradi. Watu walimpita.

Sisi Wakristo tunaamini kwamba Mtumishi huyo ni Yesu wa Nazareti. Alianza kazi yake kwa siku arobaini nyikani bila chakula, kwa hiyo njaa anaijua kwa tumbo lake. Walimkata. Wakamfukia, wakaweka na jiwe. Na asubuhi ya siku ya tatu, katika bustani, Mariamu Magdalene alimwona amesimama mbele yake akamdhania kuwa mtunza bustani. Hapo ndipo swali la Ayubu lilipojibiwa. Tumaini letu limesimama pale, kwamba aliyekufa yu hai, na kwamba watoto wa Ayubu, na wale 30,000 wa Mtunya, na yule mtoto uliyemzika wewe, mama unayenisikiliza, Mungu anawakumbuka kwa jina. Mti unaochipuka hauwezi kulithibitisha hilo. Unaweza kutupa ishara tu, na ishara si kitu kidogo kwa mtu aliye gizani, ila mzigo wote wa huzuni zetu hatuutwiki mti. Tunamtwika Kristo aliyefufuka.

Na kwa sababu hiyo sina budi kusema jambo linaloniuma. Wapo wahubiri wanaofika vijijini wakati wa njaa na kumwambia mtu aliyefiwa na mifugo kwamba imani yake ni ndogo, na kwamba akipanda mbegu ya shilingi elfu hamsini Mungu atamfungulia madirisha ya mbinguni. Mtu anauza kuku wake wa mwisho. Ndugu yangu, huo ni unyang'anyi uliofungwa kwenye kitambaa cha Injili. Mungu ninayemsoma katika 1 Wafalme 19 hakumtendea hivyo Eliya. Nabii yule, aliyeshusha moto juu ya Karmeli, siku chache baadaye yuko jangwani chini ya mretemu, amechoka, anaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumpima imani. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Ukimkuta mwenzako amelala chini ya mretemu wake, mpelekee uji. Mahubiri yatafuata akishapata nguvu za kukaa.

Kwa wewe ambaye nchi yako kavu si shamba, ni kazi uliyoachishwa, au ndoa iliyonyamaza, au ugonjwa usiopata jina, sitaki kukuambia kwamba kila kilichokatwa kitachipua kabla ya Krismasi. Visiki vingine vimekufa kweli, na mkulima mzoefu hukuna gome kwa kucha, akiona pakavu hadi ndani anakiacha. Lakini wengi wetu tunavipita vilivyo hai kwa sababu ya kuchoka. Yule rafiki mliyeacha kuzungumza. Ule ufundi uliojifunza kwa mjomba ukauacha. Ile sala fupi ya jioni mliyokuwa mkisali na watoto kabla mambo hayajaharibika. Omba kama alivyoomba yule kijana pale Maradi, ukiomba kwanza msamaha na kisha macho, halafu uiname uchunguze.

Na kwa wazee wa kanisa na akina mama wa vikundi, nina ombi la wazi. Viwanja vya makanisa yetu vijijini vimefagiliwa hadi udongo unang'aa. Hakuna kivuli hata cha kumweka mtoto wakati wa ibada, na visiki vinakatwa kila mwaka kwa kuwa tunaona ni uchafu. Jumapili hii, baada ya ibada, kabla watu hawajatawanyika, tembeeni kwenye kiwanja na shamba la kanisa mkavitafute. Mtavipata vya migunga, huenda na vya mikwaju. Chagueni machipukizi, pogoleeni, fungeni vitambaa, na mtu mmoja kwa kila kisiki aandikwe jina. Mkiwa hamjui pa kuanzia, mwiteni bwana misitu wa kata awaonyeshe. Mwaliko uende pia kwa wafugaji wanaopitisha mifugo hapo, wawe wa dhehebu lenu au wa msikitini, maana bila wao hakuna kitakachofika kimo cha goti. Mwenyekiti wa kitongoji naye awepo, kwa sababu makubaliano ya kulinda miti yatahitaji mkono wake, na wale watoto wanaochunga mbuzi waonyeshwe vitambaa kwa macho yao kabla mvua ya kwanza haijanyesha.